Duma wa 1974: Namna ya Kununua Sarafu ya Dhahabu ya Ukumbusho

Mwaka 1974 Tanzania ilitoa sarafu ya dhahabu ya Sh1,500. Upande mmoja kuna sura ya Mwalimu Nyerere, upande wa pili yuko duma. Ilikuwa sehemu ya mfululizo wa sarafu za hifadhi ya wanyamapori ulioandaliwa kwa kushirikiana na mashirika ya uhifadhi ya WWF na IUCN, na nchi nyingi ziliingia. Zaire ilitoa ya kwake mwaka uliofuata, ikiwa na chui. Duma wetu alitoka pamoja na wenzake wawili wa fedha: twiga wa Sh25 na kifaru wa Sh50. Sarafu ya duma ina uzito wa gramu 33.437 na kipenyo cha milimita 34, karibu sawasawa na ile Double Eagle ya dola 20 ya Marekani, na katika kila sehemu 1,000 za uzito wake, 900 ni dhahabu. Kwa jumla hazikufika vipande 4,000.

Wakati ule dola moja ilikuwa shilingi saba na senti kadhaa, kwa hiyo Sh1,500 zilikuwa zaidi ya dola 200, fedha nzito kwa mtu yeyote. Leo Sh1,500 hazifiki dola moja. Namba iliyochongwa juu ya sarafu imeliwa na mfumuko wa bei, lakini gramu 30.09 za dhahabu safi zilizo ndani hazijapungua hata chembe. Ndiyo maana ukiishika sarafu kama hii unashika bei tatu kwa mpigo: ile iliyoandikwa, ile ya dhahabu yake, na ile ambayo mkusanyaji yuko tayari kuilipa kwa sababu ya duma, ya Mwalimu na ya uchache wake. Ya kwanza haina kazi kwako. Ya pili unaweza kuipiga hesabu mwenyewe kwa dakika moja. Ya tatu ndiyo inayowatajirisha wachache na kuwaliza wengi, na kwa sababu hiyo ndiyo nitakayoizungumzia kwa kirefu.

Anza na ile ya pili. Zidisha uzito wa sarafu kwa usafi wake. Kwa duma, 33.437 mara 0.900 ni gramu 30.09. Kisha zidisha kwa bei ya gramu moja ya dhahabu safi ya siku hiyo, ambayo utaipata kwenye simu yako. Bei ya kimataifa hutajwa kwa wakia, na wakia ya dhahabu ni gramu 31.1035, si gramu 28.35 za wakia ya kawaida. Wapo wanaochanganya hizi mbili wakala hasara kabla biashara haijaanza. Karati nazo zina hesabu yake: karati 24 ni dhahabu safi, 22 ni sehemu 917 katika 1,000, na 18 ni 750.

Tuseme gramu moja siku hiyo ni dola 100. Dhahabu ya duma ni dola 3,009. Muuzaji akikwambia 3,300, cha juu ni dola 291, kama asilimia 10. Akikwambia 4,500, cha juu kimefika nusu ya thamani ya dhahabu yenyewe. Hakuna ubaya kulipa cha juu. Sarafu hii ni adimu, na anayeuza ana haki ya kuomba. Lakini lazima ukijue ni kiasi gani, kwa sababu dhahabu ikipanda kwa asilimia 20, wewe uliyelipa asilimia 50 juu bado hujarudisha mtaji wako, isipokuwa umpate mkusanyaji mwingine atakayelipa kama ulivyolipa wewe.

Hapo ndipo zinapotofautiana sarafu za akiba na sarafu za ukumbusho. Krugerrand ya Afrika Kusini, iliyoanza kupigwa mwaka 1967, ina wakia moja kamili ya dhahabu safi ndani ya gramu 33.93 za karati 22. Maple Leaf ya Kanada ilianza 1979, Panda ya China 1982, Eagle ya Marekani 1986. Hizi hupigwa kwa wingi, cha juu chake ni asilimia chache, na duka lolote la sarafu la Dubai, London au Johannesburg huzinunua kutoka kwako bila maswali mengi. Kama nia yako ni dhahabu tu, nunua hizi, na huhitaji kuendelea na sehemu kubwa ya mwongozo huu. Anayetaka ya ukumbusho anataka na historia, na historia ina soko dogo, lenye watu wanaojuana na wanaochagua sana.

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki, nasema bila kusita: kusanya historia ya kwenu. Unaielewa kuliko muuzaji wa Ulaya, na ni rahisi kwako kutambua kipi kina uzito na kipi ni pambo. Kenya mwaka 1966 ilitoa sarafu tatu za dhahabu, za Sh100, Sh250 na Sh500, kuadhimisha miaka 75 ya Mzee Jomo Kenyatta. Ile ya Sh500 ina gramu 38 za karati 22, na zilipigwa 500 tu. Ina utamu wake wa pekee, kwa kuwa mwaka halisi wa kuzaliwa kwa Mzee haukujulikana kwa uhakika, ila sarafu ikaukata mjadala kwa dhahabu. Uganda ilitoa zake kwa ziara ya Papa Paulo VI ya mwaka 1969, papa wa kwanza aliye madarakani kukanyaga bara la Afrika. Kubwa kuliko zote, ya Sh1,000, ina gramu 138.24 za dhahabu ya 900, yaani wakia nne kamili za dhahabu safi kwenye kipande kimoja. Burundi ilikuwa na zake za mwaka wa uhuru, 1962, zenye sura ya Mwami Mwambutsa, na Rwanda zake za 1965 zenye sura ya Rais Kayibanda.

Sarafu hizi zina sifa moja inayozitenga na nyingi zinazotangazwa leo: tukio lilikuwa la kweli, nchi ilikuwa na hamu ya kujitambulisha duniani, na idadi ilifungwa zamani. Hakuna atakayepiga nyingine.

Sasa hivi mambo yamebadilika. Utakuta sarafu yenye jina la Tanzania, Kongo au Rwanda, na juu yake kuna gari la Ulaya, mchoraji wa Italia au mnyama asiyewahi kuonekana barani. Si bandia kisheria, maana nchi huruhusu jina lake litumike kwa malipo, lakini hununui nayo kitu sokoni Kariakoo wala huioni kwenye droo ya benki yoyote ya nchi husika. Hutengenezwa kwa ajili ya wateja wa mbali. Nyingine zina ubora mzuri na wafuasi waaminifu: tembo wa Somalia, kwa mfano, hupigwa Bavaria huko Ujerumani, na wakusanyaji wengi humfuatilia mwaka hadi mwaka. Lakini nyingi hutoka mara moja, hupigiwa debe, kisha husahaulika. Tahadhari hasa na zile ndogo za nusu gramu, zenye kipenyo cha milimita 11, ndogo kuliko kifungo cha shati. Zinavutia kwa kuwa zinaonekana rahisi. Piga hesabu ya gramu uone: mara nyingi cha juu chake kinazidi hata thamani ya dhahabu iliyomo.

Na kuna kundi la tatu, ambalo sipendi hata kuliita sarafu. Ni shaba au chuma kilichopakwa utando wa dhahabu, kikawekwa kwenye kisanduku cha mahameli pamoja na cheti chenye mhuri wa kupendeza. Tangazo husema «dhahabu ya karati 24», na ni kweli, ila ni ya ule utando tu. Dawa yake ni moja: mwombe muuzaji akuandikie uzito wa jumla kwa gramu na usafi kwa sehemu za elfu moja. Akianza kuzungumzia kisanduku na cheti badala ya gramu, ondoka.

Usidhani dhahabu ya kweli ndiyo mwisho wa hatari. Mwaka 1986 Japani ilitoa sarafu ya yen 100,000 kuadhimisha miaka 60 ya utawala wa Mfalme Hirohito. Ilikuwa na gramu 20 za dhahabu safi, na thamani ya dhahabu hiyo haikufika nusu ya ile iliyoandikwa. Zilipigwa milioni 10. Serikali ilipata faida kubwa, lakini ilifungua na mlango wa pili: mtu yeyote mwenye dhahabu na mashine nzuri angeweza kununua gramu 20, akapiga sarafu inayofanana, akaipeleka benki ya Japani na kulipwa yen 100,000. Mwaka 1990 ikagundulika kwamba zaidi ya vipande 100,000 vya bandia vilikuwa vimeingia nchini humo kutoka Ulaya, na vilikuwa dhahabu kweli. Sarafu iliyofuata, ya kutawazwa kwa Mfalme Akihito, ikaongezwa dhahabu hadi gramu 30 kwa bei ileile iliyoandikwa. Kwa hiyo, unaponunua kwa ajili ya historia, kuthibitisha kwamba ni dhahabu ni nusu ya kazi. Nusu nyingine ni kuthibitisha kwamba imetoka kwenye mashine inayodaiwa, na hilo huonekana kwenye herufi, kwenye ukingo, na kwenye uwazi wa mchongo.

Nusu ya kwanza unaweza kuifanya nyumbani. Tafuta mizani ya sonara inayosoma hadi sehemu ya mia ya gramu, na kifaa cha kupimia milimita. Pima uzito, kipenyo na unene, ulinganishe na katalogi. Numista iko bure mtandaoni, na katalogi za Krause za sarafu za dunia bado ndizo wauzaji wengi hutaja namba zake. Hatua hii peke yake huwaangusha wengi, kwa sababu dhahabu ni nzito mno. Shaba nyeupe au ya manjano yenye ukubwa wa duma haifiki hata gramu 20, na ili ifikie 33 lazima iwe nene karibu mara mbili.

Kisha fanya jaribio la maji. Weka glasi ya maji juu ya mizani, uirudishe mizani kwenye sifuri. Funga sarafu kwa uzi mwembamba wa kushonea, uishushe mpaka izame yote, isiguse chini wala pembeni. Mizani itasoma kiasi kidogo. Gawanya uzito wa sarafu ukiwa hewani kwa namba hiyo. Kwa duma utasoma kama gramu 1.93, na jibu litakuwa 17.3, ambao ndio uzani wa dhahabu ya 900 iliyochanganywa na shaba. Kwa Krugerrand jibu huangukia kati ya 17 na 18. Dhahabu safi ni 19.3. Ukipata 8, 10 au 14, rudisha sarafu kwa mwenyewe. Kausha kwa kuigusisha kitambaa laini cha pamba bila kusugua, na kwa sarafu yenye uso wa kioo omba muuzaji mwenyewe ndiye aifanyie jaribio hilo.

Jaribio hili lina mpaka wake. Kuna metali iitwayo tangsteni yenye uzani wa karibu sawa na dhahabu safi, na wahalifu huiweka ndani na kuivika dhahabu. Kwa sarafu za karati 24, maji hayataiona. Sumaku nayo haisaidii, kwani tangsteni haivutwi. Hata ile mashine ya miale ambayo baadhi ya masonara wanayo husoma ngozi ya juu tu. Kinachofichua tangsteni ni kifaa cha mawimbi ya sauti au cha kupima namna umeme unavyopita ndani, na duka kubwa la dhahabu huwa nacho. Gharama ya kupimiwa ni ndogo ukilinganisha na fedha unayotaka kutoa, na muuzaji anayekataa sarafu ipimwe anataka kukuuzia mbuzi kwenye gunia.

Hali ya sarafu ndiyo inayobeba cha juu chote. Wakusanyaji hutumia kipimo cha 1 hadi 70, na kampuni mbili za Marekani, PCGS iliyoanza 1986 na NGC iliyoanza 1987, ndizo zinazoaminiwa zaidi kuikagua sarafu, kuipa namba na kuifunga kwenye kasha la plastiki gumu lenye alama ya utambulisho. Kwa sarafu ya maelfu ya dola, kasha hilo lina faida, kwani mnunuzi wa nchi nyingine hununua bila kukuona. Namba ya kwenye kasha ihakiki kwenye tovuti ya kampuni yenyewe, maana na makasha hughushiwa.

Mambo mawili huua hali hiyo. La kwanza ni kusafisha. Dawa ya meno, magadi, limau, kitambaa cha kung'arishia vito, vyote huacha mikwaruzo midogo ambayo mnunuzi mzoefu huiona kwa kioo cha kukuzia ndani ya sekunde, na hapo sarafu hushuka hadi bei ya gramu. La pili ni kuchomelewa. Huku pwani na Ghuba pauni za dhahabu za Uingereza zimevaliwa shingoni kwa vizazi, na nyingi zina alama ya risasi ya kuchomea pale kipete cha kuning'inizia kilipokaa, hata kama kimetolewa na kupigwa msasa. Angalia ukingo wa juu kwa makini. Pauni kama hiyo bado ina gramu 7.32 za dhahabu safi na ni mali nzuri, ila usiilipie hata senti ya ukusanyaji.

Kuhusu mahali pa kununua, kwa sarafu za zamani za Afrika Mashariki soko lenye uhai liko kwenye minada ya London, Ujerumani, Uswisi na Marekani. Faida ya mnada ni kwamba bei zilizopita hubaki wazi kwa kila mtu. Tafuta sarafu unayoitaka, soma iliuzwa kwa kiasi gani mara tatu au nne zilizopita, na ikiwa haijawahi kuuzwa tena baada ya mnunuzi wa kwanza, chukulia kwamba cha juu chake hakina mwenyewe. Kumbuka pia ada ya mnunuzi, ambayo mara nyingi hufika asilimia 20 au zaidi juu ya bei ya nyundo, pamoja na usafirishaji, bima na ushuru. Ukiwa unavuka mpaka na sarafu ya dhahabu, itangaze forodhani na ubebe risiti. Usimwachie dalali wa uwanja wa ndege akuambie vinginevyo.

Sasa tuseme ukweli kuhusu uwekezaji. Dhahabu haizai. Hatifungani ya Serikali hulipa riba, nyumba hulipa kodi, lakini sarafu hukaa kimya mpaka siku ya kuuzwa. Januari 1980 wakia moja ilifika dola 850. Mtu aliyenunua siku hiyo aliiona ikishuka hadi chini ya dola 260 mwaka 1999, na hakuiona dola 850 tena mpaka Januari 2008, miaka 28 baadaye, huku dola yenyewe ikiwa imepoteza nguvu. Ilipita 1,900 mwaka 2011, ikaanguka hadi karibu 1,050 mwishoni mwa 2015, ikavuka 3,000 Machi 2025 na 4,000 Oktoba mwaka huohuo. Anayenunua baada ya kupanda hivyo asidanganywe na mtu anayemwonyesha miaka miwili ya mwisho pekee. Fedha ya ada ya watoto, ya matibabu au ya mkopo isiguse sarafu. Weka ile ambayo unaweza kuisahau kwa miaka 10.

Ikiwa wewe ni Mwislamu, ingiza na zaka katika hesabu. Nisabu ya dhahabu ni gramu 85 za dhahabu safi. Duma watatu wana gramu 90.28, kwa hiyo ukiwa nao mwaka mzima wa hijria, zaka ya asilimia 2.5 inakuhusu, na hukokotolewa kwa bei ya dhahabu ya siku hiyo, si kwa Sh1,500 zilizoandikwa. Kuhusu mapambo yanayovaliwa wanazuoni wametofautiana. Sarafu iliyofungiwa kabatini ni akiba.

Kuhifadhi si kazi ngumu. Shika sarafu kwa ukingo tu, iweke kwenye kasha lake la plastiki lisilo na PVC, pamoja na vipakiti vya kunyonya unyevu. Dhahabu haipati kutu, lakini shaba iliyochanganywa nayo huweza kutoa madoa mekundu kwenye hewa ya chumvi ya Tanga, Mombasa au Unguja. Ikiwa thamani ni kubwa, lipia sanduku la benki, na usimsimulie mtu asiyehusika.

Lakini yuko mmoja anayehusika: mrithi wako. Sonara hununua kwa gramu, na mrithi asiyejua atampelekea sarafu ya Kenyatta ya 1966 ikayeyushwa kuwa bangili. Kwa hiyo, kwa kila sarafu uliyonayo, andika kwenye karatasi moja: jina na mwaka wake, uzito, usafi, ulikonunua, bei uliyolipa, idadi iliyopigwa, na nyumba mbili za mnada zinazoweza kuiuza. Ambatisha risiti na picha ya pande zote mbili. Mpe nakala mtu atakayesimamia mirathi yako, na umwonyeshe sarafu yenyewe ukiwa hai.